Sura ya Saba: Mchumia Juani, Mponea Kivulini

Katika maabara ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Eric Hoke na wenzake walikuwa na jambo dogo la kupima. Walipaka kioo utando wa kahawia wenye unene usiofika sehemu moja ya elfu ya milimita, wakaumulika kwa leza, kisha wakaelekeza kipimo cha wigo kwenye mng'ao unaotoka. Kila mata inayofaa kutengenezea seli za sola ina tabia hiyo: hufyonza mwanga, elektroni zake hupanda daraja la juu la nishati, na zinapoanguka kurudi chini hutoa mwanga wa rangi yake maalumu. Kwenye skrini mng'ao huo huonekana kama kilima kimoja, na mahali kilima kinaposimama ndipo panaposomeka ukubwa wa hatua ambayo elektroni ilipaswa kupanda. Wanafizikia huiita hatua hiyo pengo la nishati, na huipima kwa elektronivolti.

Kilima kilitokea pale pale walipokitarajia. Ila hakikutulia. Leza ikiendelea kumulika, kilima cha pili kilianza kuchomoza upande wa wekundu, kwenye elektronivolti 1.68, na haikupita dakika moja kikawa kimekua. Mwanga wenyewe haukuwa mkali wa kutisha. Nguvu yake haikuzidi ile ya jua la kawaida. Walizima leza, wakaiacha sampuli gizani dakika chache, wakawasha tena. Kilima cha pili kilikuwa kimetoweka, cha kwanza kimerudi mahali pake, na mchezo ukaanza upya. Wakarudia, na kila mara mwanga ulikijenga kilima kile, na giza likakibomoa.

Makala yao ilitoka katika jarida la Chemical Science mwaka 2015, na tangu hapo watu wa fani hii huliita jambo hilo athari ya Hoke. Yalikuwemo mambo mawili yaliyofumbua fumbo. La kwanza ni kwamba walibadilisha viwango vya kemikali katika utando, wakaanza na pengo dogo au kubwa, lakini kilima cha pili kilikwenda kusimama mahali palepale, 1.68. La pili lilitoka kwenye eksirei. Fuwele inapopigwa eksirei huzitawanya kwa pembe maalumu zinazotegemea umbali kati ya atomu zake. Utando uliotoka gizani ulitoa mstari mmoja. Uliomulikwa ulitoa mistari miwili. Ulipopumzishwa gizani, mistari ikaungana tena.

Maana yake ni kwamba mata moja ilikuwa imegawanyika kuwa mbili. Utando ule ulikuwa na iodini na bromini zilizochanganywa sawasawa. Chini ya mwanga, iodini zilijikusanya upande wao na bromini upande wao. Taa ilipozimwa, zikachanganyika upya. Mhandisi aliyeandika kwenye daftari lake kwamba ameweka iodini kiasi fulani na bromini kiasi fulani hakukosea. Lakini kile alichokiandika ni maelezo ya mata iliyoko kabatini. Juani, kifaa chake kina mata nyingine. Sura hii inahusu tofauti hiyo, na kwa nini inamgusa mtu yeyote anayetaka kununua paneli itakayodumu.

Kwa nini kuchanganya?

Utando ule wa Stanford ulikuwa wa perovskaiti, na jina hilo ni la jiwe. Mwaka 1839 Gustav Rose, mtaalamu wa madini wa Ujerumani, alieleza madini yaliyotoka milima ya Ural nchini Urusi, akayapa jina la Lev Perovski, ofisa wa Kirusi aliyependa kukusanya madini. Jiwe lile lilikuwa la kalsiamu, titaniamu na oksijeni, na halikuwa na uhusiano wowote na umeme wa jua. Kilichorithiwa ni mpangilio wa atomu. Katika perovskaiti za sola, kila ioni ya risasi imezungukwa na ioni sita za halidi. Vikundi hivyo huungana kwa ncha zake hadi kuijaza fuwele yote, na katika nafasi kubwa zinazobaki hukaa ioni chanya: sesiamu, au molekuli ndogo kama methilamoniamu na fomamidiniamu. Halidi zenyewe ni ukoo wa klorini, bromini na iodini. Hiyo ya mwisho ndiyo madini joto yanayotajwa kwenye pakiti za chumvi.

Mwaka 2009 Akihiro Kojima, Tsutomu Miyasaka na wenzao mjini Yokohama, Japani, walitumia chumvi hizi za risasi katika seli ya sola, wakapata ufanisi wa asilimia 3.8. Seli ile haikudumu, kwa kuwa kimiminika kilichokuwa ndani yake kiliiharibu fuwele. Miaka mitatu baadaye makundi mawili yaliondoa kimiminika hicho, yakafikia karibu asilimia 10: la Henry Snaith huko Oxford, na la Nam-Gyu Park wa Korea Kusini akishirikiana na Michael Grätzel wa Uswisi. Leo rekodi za maabara zimevuka asilimia 26. Silikoni ilihitaji miongo kadhaa kwenda umbali huo.

Lakini hamu kubwa ya viwanda si kuing'oa silikoni. Ni kuibebesha perovskaiti juu yake. Pengo la silikoni ni elektronivolti 1.12. Fotoni yenye nishati pungufu ya hapo hupita bila kufanya kazi. Yenye nishati zaidi huingia, lakini ziada yake yote hugeuka joto. Fotoni ya buluu ina takriban elektronivolti 2.7, kwa hiyo zaidi ya nusu ya nishati yake hupotea ndani ya silikoni. Kwa hesabu hiyo seli ya silikoni peke yake haiwezi kuvuka asilimia 29 na kitu, na zilizo bora zimeshafika 27. Ukiweka juu yake seli nyingine yenye pengo kubwa zaidi, hiyo itachukua buluu na kijani kwa hasara ndogo, na kuiachia silikoni wekundu na mionzi iliyo chini ya wekundu. Seli pacha za namna hii zimepimwa zikitoa zaidi ya asilimia 34.

Pengo linalofaa kwa seli ya juu ni kama 1.7. Perovskaiti ya iodini tupu ina karibu 1.6. Ya bromini tupu ina 2.3. Jibu linaonekana lenyewe: changanya. Mwaka 2013 kundi la Sang Il Seok nchini Korea Kusini lilionyesha kwamba mtu anaweza kuanzia iodini tupu na kuongeza bromini kidogo kidogo, na utando ukahama kutoka kahawia iliyokolea hadi manjano, pengo likipanda hatua kwa hatua. Mata nyingi za sola humpa mhandisi pengo moja, apende asipende. Hii ilimpa uhuru wa kuchagua.

Uhuru huo ulikuja na kero. Pengo likipanda, volti ya seli inapaswa kupanda nalo. Bromini ilipozidi kiasi cha moja ya tano ya halidi zote, volti iligoma. Wengine walilaumu utando wenye kasoro, wengine tabaka zinazouzunguka. Kilima cha 1.68 kilileta maelezo mapya: huenda seli inafanya kazi kwa kufuata pengo la sehemu zenye iodini nyingi, hata kama sehemu hizo ni chache. Angalia pia pale mpaka ulipo. Mchanganyiko unaotulia unaishia karibu kabisa na pengo ambalo seli pacha ya silikoni inalihitaji. Anayetengeneza pacha hizo anatembea ukingoni. Anayetaka seli tatu zilizobebana, ambapo ya juu kabisa inahitaji pengo la karibu 2.0, ameshavuka ukingo.

Chumvi isiyokaa mahali pamoja

Katika silikoni kila atomu imeshikana na wenzake wanne kwa vifungo imara. Paneli ikikaa juu ya bati miaka 25, atomu zake zitakuwa palepale zilipowekwa kiwandani. Perovskaiti ya halidi ni chumvi, na chumvi laini. Hutengenezwa kwa kuyeyusha kemikali katika kiyeyushi, kumwaga juu ya kioo na kukipasha joto la takriban nyuzi 100. Ndiyo sababu ni rahisi kuitengeneza, na ndiyo sababu ni rahisi kuivuruga.

Ndani ya fuwele yake kuna nafasi wazi, mahali ambapo ioni ya halidi ingepaswa kuwa lakini haipo. Nafasi hizo ndizo barabara. Ioni iliyo jirani huruka na kuingia katika nafasi wazi, ikiacha nyuma yake nafasi nyingine ambayo jirani wa pili anaweza kuiingia. Kundi la Stanford lilirudia kipimo chake kwa nyuzi joto tofauti, likakuta kwamba kizuizi kinachopaswa kurukwa ni kama elektronivolti 0.27. Joto la chumbani huipa kila ioni takriban 0.025 tu, sehemu moja kwa kumi na moja hivi. Hata hivyo, ioni hutikisika mara trilioni kadhaa kila sekunde, na kila mtikisiko ni jaribio. Hata ikifaulu mara moja katika majaribio elfu nyingi, bado itaruka mara nyingi ndani ya sekunde moja. Katika utando mwembamba kiasi hiki, dakika moja inatosha kupanga upya mtaa mzima.

Ukubwa nao una neno lake. Nusu kipenyo cha ioni ya iodini ni pikomita 220. Cha bromini ni 196. Fuwele ya iodini hurudia mpangilio wake kila nanomita 0.63 hivi, ya bromini kila 0.59. Zikikaa pamoja, kila moja inamlazimisha mwenzake kukaa kwa kubanwa au kwa kuvutwa. Gizani fuwele huvumilia, kwa sababu vurugu ya kuchanganyika ina faida yake katika hesabu za joto na nishati: njia za kupanga ioni zilizochanganyika ni nyingi mno kuliko njia za kuzitenga. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini mwanga unaibadilisha hesabu hiyo.

Mwanga unasukuma nini?

Hapa ndipo wataalamu wanapogawanyika, na mgawanyiko wao unafaa kusikilizwa kwa sababu kila upande una ushahidi mkononi.

Maelezo ya kwanza yanaanzia kwenye elektroni. Fotoni inapofyonzwa, elektroni huruka juu na kuacha nyuma yake tundu lenye chaji chanya. Vyote viwili hutembea ndani ya fuwele vikitafuta mahali penye nishati ndogo zaidi. Kama kuna eneo dogo ambalo kwa bahati tu lina iodini nyingi kidogo, pengo lake ni dogo, na vyote vitaelekea huko. Hufanya kama maji ya mvua uwanjani: hata shimo likiwa ni sehemu moja kwa mia ya uwanja, maji ya uwanja wote yataishia humo. Kila elektroni inayotumbukia inaokoa nishati kidogo, na jumla ya nishati hiyo inalipa gharama ya kuzitenga iodini na bromini. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, wakiwemo Masaru Kuno na Prashant Kamat, walijenga hesabu kamili juu ya wazo hili. Uzuri wake ni kwamba linaeleza pia giza: mwanga ukikatika, elektroni zinakwisha, faida inakwisha, na vurugu ya kuchanganyika inashika usukani tena.

Maelezo ya pili yanatazama fuwele yenyewe. Chaji inapokaa ndani ya chumvi laini, huzivuta na kuzisukuma ioni zilizo karibu, na kulipinda eneo lote linaloizunguka. Mwaka huohuo wa 2017, kundi la Naomi Ginsberg na David Limmer huko Berkeley lilionyesha kwa hesabu na kwa picha kwamba mpindo huo unaweza kuvuta iodini kuelekea chaji ilipo. Picha zao, zilizopigwa kwa kuufanya utando ung'ae chini ya miale ya elektroni, zilionyesha visiwa vya iodini vikijitokeza hasa kwenye mipaka ya punje za fuwele, pale ambapo nafasi wazi ni nyingi na mwendo ni mwepesi.

Maelezo ya tatu ni ya kikemia zaidi. Iodini hunyang'anywa elektroni kwa urahisi kuliko bromini. Tundu lenye chaji chanya likikwama mahali, litaigusa iodini kwanza, na iodini iliyopoteza elektroni yake haina tena sababu ya kukaa katika nafasi yake. Inatoka, inahama, na kuacha nyuma nafasi wazi ambayo wengine wataipitia. Kwa mtazamo huu tatizo linaanzia kwenye kasoro za utando zinazonasa matundu, na anayepunguza kasoro anapunguza safari za iodini.

Kisha mwaka 2021 likaja jambo lililowalazimisha wote kurudi kwenye hesabu zao. Wenxin Mao, Chris Hall, Udo Bach na wenzao nchini Australia waliandika katika Nature Materials kwamba utando uliokwisha kutengana huchanganyika upya ukimulikwa kwa mwanga mkali zaidi. Mwanga wa kawaida unatenga. Mwanga mkali mno unaunganisha. Kwa maelezo yao, chaji chache zilizotawanyika huipinda fuwele hapa na pale, na tofauti kati ya mahali na mahali ndiyo inayozisukuma ioni. Chaji zikijaa kila pembe, mpindo unakuwa mmoja kote, na hakuna tena upande wa kukimbilia. Nadharia yoyote ambayo inaona mwanga zaidi kuwa ni utengano zaidi, bila kikomo, haiwezi kuupita mtihani huu bila kurekebishwa.

Hasara ya kweli na hasara ya kusingiziwa

Kwa miaka kadhaa athari ya Hoke ilibebeshwa lawama ya kila volti iliyopotea. Seli yenye bromini nyingi ikitoa volti ndogo, jibu lilikuwa mdomoni: halidi zimetengana. Mwaka 2020 Suhas Mahesh, Henry Snaith na wenzao wa Oxford walifanya hesabu hiyo upya. Walipima ni kiasi gani cha volti kinachopotea kwa sababu ya visiwa vya iodini, na ni kiasi gani kinachopotea kwa sababu nyingine. Walikuta kwamba utengano una hasara yake, lakini sehemu kubwa ya volti ilikuwa imeshapotea kabla hata halidi hazijatengana. Ilikuwa inavuja kwenye kasoro za utando na pale utando unapogusana na tabaka za kutolea umeme, ambapo elektroni na matundu hukutana na kuangamizana bila kutoa mwanga wala umeme.

Matokeo hayo hayakuifuta athari ya Hoke. Yaliiweka mahali pake. Kosa la volti iliyopotea tangu mwanzo hutibiwa kwa kusafisha mipaka ya tabaka. Utengano wa halidi ni kosa la namna nyingine: ni seli kubadilika ikiwa kazini. Kwa mwenye shamba la paneli, seli inayoanza na upungufu unaojulikana inaweza kuwekwa kwenye hesabu za biashara. Inayobadilika kadiri jua linavyopanda inamharibia hesabu, hasa katika seli pacha, ambamo mkondo wa seli ya juu na wa seli ya chini lazima ulingane, na iliyo dhaifu ndiyo inayoamua.

Dawa zilizojaribiwa

Dawa ya kwanza ilikuwa kubadilisha ioni chanya. Methilamoniamu ni nyepesi na huondoka haraka ikipata joto. Mwaka 2016 David McMeekin na wenzake wa Oxford waliandika katika jarida la Science kuhusu mchanganyiko wa fomamidiniamu na kiasi kidogo cha sesiamu. Halidi zake zilikuwa iodini asilimia 60 na bromini asilimia 40, kiwango ambacho katika utando wa Stanford kingetengana haraka. Utando wao, wenye pengo la 1.74, ulitulia chini ya mwanga. Sesiamu ilisaidia pia kwa njia ya pembeni: kwa kuwa ni ndogo, inaibana fuwele na kupandisha pengo lenyewe, na hivyo bromini inayohitajika inapungua.

Dawa ya pili ilikuwa kumwita ndugu wa tatu. Klorini ni ndogo, pikomita 181, na ilidhaniwa haiwezi kuingia kwa wingi ndani ya fuwele ya iodini. Mwaka 2020 kundi lililomjumuisha Michael McGehee, mmoja wa wenzake Hoke kule Stanford ambaye wakati huo alikuwa Colorado, lilionyesha kwamba bromini ikiwepo, klorini nayo hupata nafasi. Utando wao wa halidi tatu, wenye pengo la 1.67, haukutengana hata ulipomulikwa kwa mwanga wenye nguvu ya jua mara 100. Seli walizotengeneza zilifanya kazi saa 1,000 kwa nyuzi joto 60 zikapoteza chini ya asilimia 4. Mtu aliyekuwemo katika kuigundua kero alikuwemo pia katika kuipatia moja ya dawa zake bora.

Dawa nyingine ni za kazi ya mikono zaidi: kukuza punje za fuwele ili mipaka ipungue, kupaka juu ya utando molekuli zinazoziba nafasi wazi, kupunguza kasoro zinazonasa matundu. Hakuna hata moja inayozigeuza ioni ziwe mawe. Zote zinafanya mojawapo ya mambo mawili: kupandisha kizuizi ambacho ioni lazima iruke, au kupunguza faida inayopatikana halidi zikitengana. La kwanza huichelewesha safari. La pili huiondolea sababu. Anayesoma tangazo la seli mpya iliyo thabiti atafanya vizuri kuuliza ni lipi kati ya hayo limefanyika, maana kinachocheleweshwa kwa saa 100 za maabara kinaweza kufika chenyewe baada ya miezi 6 ya jua kali.

Somo lililokwisha kutolewa Kenya

Hii si mara ya kwanza kwa mwanga kuiharibu mata ya sola. Mwaka 1977 David Staebler na Christopher Wronski, wakifanya kazi katika maabara za kampuni ya RCA huko Princeton, waliripoti kwamba silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele hupoteza sehemu ya uwezo wake ikimulikwa, na huurudisha ikipashwa joto la zaidi ya nyuzi 150. Paneli zilizotengenezwa kwa silikoni hiyo zilikuwa na desturi ya kuanza kwa nguvu nyingi, kushuka katika miezi ya mwanzo, kisha kutulia.

Kenya iliijua mata hiyo kwa karibu. Katika miaka ya 1990 familia nyingi za vijijini zilinunua dukani, kwa fedha zao wenyewe, paneli ndogo za wati 12 hivi za silikoni ya aina hiyo, zikaziunganisha na betri ya gari kwa ajili ya taa na televisheni ndogo. Zilikuwa za bei nafuu, na soko lilikua bila ruzuku kubwa. Wasomi wakiwemo Arne Jacobson, Richard Duke na Daniel Kammen walizipima paneli hizo zikiwa majumbani. Baadhi ya chapa zilitoa nguvu iliyokaribia iliyoandikwa kwenye lebo baada ya kutulia. Nyingine zilikuwa chini mno. Mnunuzi aliyesimama mbele ya kaunta hakuwa na namna ya kuzitofautisha. Hata angeijaribu paneli juani palepale nje ya duka, siku ya kwanza ingempa jibu la kupendeza, kwa sababu ilikuwa bado haijaonja jua la kutosha kuonyesha tabia yake.

Utaratibu wa kimataifa wa kupima paneli za utando mwembamba ulijengwa kwa kuzingatia hilo: paneli huanikwa kwenye mwanga hadi nguvu yake itulie, ndipo lebo iandikwe. Perovskaiti za halidi mchanganyiko zinaidai kanuni hiyo iende hatua moja mbele. Silikoni isiyo na fuwele, ikishashuka, hukaa hapo mpaka ipate joto. Perovskaiti inaweza kushuka mchana na kupanda usiku, au kuanza asubuhi ikiwa dhaifu na kuimarika kadiri inavyopata mwanga. Mwaka 2018 Konrad Domanski na wenzake nchini Uswisi walionyesha kwamba sehemu ya hasara inayoonekana katika seli hizi hurudi gizani, na kwamba kipimo kisichohesabu usiku kinaweza kuipunja seli nzuri au kuipendelea mbaya. Mwaka 2020 watafiti wengi wa nchi mbalimbali walikubaliana katika Nature Energy juu ya taratibu za pamoja za kupima, na miongoni mwake umo mzunguko wa mwanga na giza unaofuata mwendo wa siku.

Huko viwandani hawakusubiri mabishano yaishe. Septemba 2024 kampuni ya Oxford PV ilitangaza kwamba imesafirisha shehena yake ya kwanza ya kibiashara ya paneli pacha za perovskaiti na silikoni kwenda kwa mteja wa Marekani. Seli zake hutengenezwa Brandenburg an der Havel, Ujerumani, na paneli zenyewe zina ufanisi wa asilimia 24.5. Watengenezaji wa China wanakimbia nyuma yake, wengine pembeni yake.

Paneli hizo zitafika pia kwenye maduka ya sola ya Nairobi, Mwanza na Bujumbura, na mnunuzi atasoma kwenye lebo wati, volti na miaka ya dhamana. Namba hizo zilimtosha mnunuzi wa silikoni ya fuwele, kwa sababu silikoni iliyopimwa kiwandani na silikoni iliyoko juu ya paa ni mata ileile. Kwa perovskaiti mchanganyiko lazima lebo ieleze jambo moja zaidi: paneli ilipimwa baada ya kukaa juani muda gani, na baada ya kupitia mizunguko mingapi ya mchana na usiku. Mtengenezaji anayelijua jibu hilo hana sababu ya kulificha. Asiyelijua bado hajapima paneli anayoiuza; amepima mata iliyokuwa kabatini.